Uwezo wa Kubomoa na Haki ya Kuuliza: Historia ya Udhibiti wa Ujenzi Dar es Salaam na Miji Jirani

Sheria ya ujenzi wa mjini ina sehemu mbili. Ya kwanza humpa mwenye mamlaka uwezo wa kusema: hapa usijenge, pale jenga kwa namna hii, na ulichojenga bila ruhusa yangu nitakivunja. Ya pili humpa mwananchi nafasi ya kuuliza sababu, na kuuliza mbele ya mtu mwingine asiye yule aliyemkatalia. Katika miji ya Afrika Mashariki sehemu hizi mbili hazikuzaliwa pamoja. Uwezo wa kukataza uliingia Dar es Salaam mwaka 1891 ukiwa kamili. Haki ya kuuliza ilianza kusikika mahakamani karibu miaka mia moja baadaye, na mpaka leo ni nyembamba. Mengi tunayoyaona mjini sasa, kuanzia alama za X kwenye kuta hadi maghorofa yanayoporomoka, yanatokana na pengo hilo la miaka mia.

Si kwamba kabla ya Wajerumani watu wa pwani walijenga ovyo. Kilwa, Gede, Pate, Mombasa na Lamu zilikuwa miji ya mawe ya matumbawe na chokaa karne nyingi kabla ya bendera yoyote ya Ulaya kupandishwa huku. Lamu, ambao bado unakaliwa, unaonyesha utaratibu uliokuwepo. Upande wa Mkomani zimesongamana nyumba za mawe, upande wa Langoni zilitawala nyumba za udongo na makuti. Njia ni nyembamba, milango ina daka la kupokea wageni, na juu ya baadhi ya njia kuna wikio, chumba kinachovuka kutoka nyumba moja hadi ya pili. Chumba cha namna hiyo hakijengeki bila maafikiano, maana kinaegemea ukuta wa jirani na kufunika njia ya watu wote. Mgogoro ukizuka ulipelekwa kwa wazee wa mtaa, na ukishindikana, kwa kadhi. Kadhi alikuwa na kanuni ya kale ya fikihi ya kumwongoza: mtu asidhuru wala asidhuriwe. Kwa kanuni hiyo aliweza kupima dirisha linalochungulia ua wa mwenzio, mfereji unaomwaga maji kwenye msingi wa jirani, au ukuta unaofinya njia.

Utaratibu huo haukuwa wa usawa. Nyumba ya mawe ilikuwa alama ya uungwana, na mtumwa au mgeni asiye na ukoo hakuifikiria hata kama fedha angezipata. Lakini ulikuwa na jambo moja ambalo mifumo iliyofuata ililipoteza: aliyelalamika alijua amwendee nani, na aliyeamua hakuwa mwenye shauri.

Dar es Salaam yenyewe ni mji mchanga. Katika miaka ya 1860 Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alianza kujenga kasri na majengo ya mawe kwenye bandari tulivu iliyo jirani na kijiji cha Mzizima. Alifariki mwaka 1870, mdogo wake Barghash hakuupenda mradi huo, na majengo yakaachwa yaote magugu. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilipoweka kituo hapo mwaka 1887 ilikuta mji ulioanza na kusitishwa. Baada ya vita vya Abushiri dhidi ya kampuni hiyo, serikali ya Ujerumani ikachukua koloni kutoka mikononi mwa kampuni, na mwaka 1891 makao makuu yakahamishwa kutoka Bagamoyo kuja Dar es Salaam.

Mwaka huohuo, 1891, yalitokea mambo mawili yanayostahili kutazamwa pamoja. Kule Ujerumani, mji wa Frankfurt chini ya meya Franz Adickes ulipitisha kanuni iliyogawa mji katika kanda, kila kanda na urefu wake wa majengo na nafasi yake kati ya nyumba na nyumba. Wanahistoria wa mipango miji huihesabu miongoni mwa kanuni za kwanza za kanda duniani. Na huku Dar es Salaam, mwezi Mei, ikatolewa kanuni ya ujenzi iliyoweka masharti tofauti kwa sehemu tofauti za mji. Fikra ilikuwa moja, mazingira hayakufanana hata kidogo. Frankfurt ilikuwa na baraza la mji, magazeti, mahakama, na wenye nyumba waliojua kudai. Dar es Salaam ilikuwa na gavana. Fikra ilisafiri, vyombo vya kuihoji vikabaki Ulaya.

Kufikia 1914 kanuni za Kijerumani zilikuwa zimegawa mji katika kanda tatu: ya kwanza ya majengo ya Kizungu, ya pili ya biashara na makazi mchanganyiko, ya tatu ya nyumba za wenyeji. Magharibi ya mji, kwenye ardhi iliyokuwa shamba na kisha kununuliwa na serikali, zilichorwa njia zilizonyooka na viwanja vya mraba kwa ajili ya Waafrika waliotakiwa kuhama kutoka maeneo ya katikati. Vita vikaingia kabla kazi haijakamilika. Waingereza waliteka mji Septemba 1916 na kuweka katika eneo hilo wapagazi wa jeshi, wale wa Carrier Corps, na kwa kutajwa kila siku midomoni mwa watu eneo likabaki na jina la Kariakoo.

Waingereza hawakufuta mchoro wa Wajerumani. Waliupokea, wakauandika upya kwa Kiingereza na kuupa nguvu zaidi. Sheria ya Miji ya 1920, Sheria ya Ardhi ya 1923 na Kanuni za Ujenzi Mijini za 1930 zilifuatana, na kanda tatu zikaendelea kuwa uti wa mji. Hapa kuna ufundi wa kisheria ambao mwanafunzi wa historia hana budi kuutazama kwa makini. Uingereza ilishika Tanganyika kwa dhamana ya Shirikisho la Mataifa, kwa hiyo haikutaka ubaguzi wa rangi uandikwe waziwazi katika kanuni. Kanda zikaelezwa kwa aina ya jengo. Kanda ya kwanza ilitaka nyumba ya mtindo wa Kizungu, ya pili jengo la kudumu la biashara au makazi, ya tatu iliruhusu nyumba ya miti na udongo. Mwafrika hakukatazwa kwa jina kujenga Uzunguni. Alitakiwa tu alete mchoro wa nyumba ambayo mshahara wake usingeweza kuijenga.

Nyumba iliyoruhusiwa Kariakoo na Ilala kila mkazi wa mji anaijua. Mbele pana baraza, mlango unafungukia ukumbi mrefu unaopenya hadi nyuma, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, na nyuma kuna ua wenye jiko, choo na kisima kama kipo. Mwenye nyumba hukaa chumba kimoja au viwili, vingine hupangisha. Ilikuwa nyumba bora kwa maisha ya mji: iliingiza kodi, iliweka wageni, ilihifadhi faragha ya ua. Lakini kwa kanuni za wakati ule ilihesabiwa kuwa jengo la muda, na aliyekaa katika jengo la muda alipewa kiwanja kwa haki ya muda mfupi. Kutoka katika maelezo ya nyenzo za ukuta sheria ikatoa uamuzi juu ya nani ni mwenyeji wa mji na nani mpita njia. Kati ya Uhindini, katika kanda ya pili, na Kariakoo likasafishwa eneo la wazi, Mnazi Mmoja, ili mitaa itengane. Sababu iliyotajwa ilikuwa afya.

Hila ya kubagua kwa maneno yasiyotaja rangi haikuwa mpya, wala haikukosa kupingwa mahali pengine. Huko San Francisco, Marekani, kanuni ya mji ya 1880 ilitaka kibali kwa kila dobi anayefulia katika jengo la mbao. Wachina wapatao 200 waliomba, wote wakanyimwa. Wasio Wachina wapatao 80 waliomba, wakapewa isipokuwa mmoja. Mwaka 1886, katika shauri la Yick Wo, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba sheria iliyo safi katika maandishi huwa batili inapotumiwa kwa jicho la uovu na mkono usio sawa. Mwafrika wa Dar es Salaam wa 1930 hakuwa na mahakama ya kumsikiliza hivyo. Ofisa aliyepokea mchoro wake, aliyeukataa na aliyesimamia mji alikuwa mtawala yuleyule.

Zanzibar na Nairobi zilipita njia inayofanana. Mtaalamu H. V. Lanchester aliandika mpango wa mji wa Zanzibar mwaka 1923, na upande wa Ng'ambo ukatazamwa kama tatizo la kupangwa kuliko mji wa watu. Mwaka 1928 wakazi wa Ng'ambo walikataa kulipa kodi ya viwanja, na ule mgomo ulikuwa rufaa ya aina yake, ya watu wasiokuwa na pa kuipeleka nyingine. Nairobi, mji uliozaliwa na reli mwaka 1899, ulikumbwa na tauni, na mwaka 1902 soko la Wahindi likachomwa moto kwa amri ya afya. Profesa W. J. Simpson alipotembelea Afrika Mashariki mwaka 1913 alipendekeza jamii zitenganishwe kimakazi, tena kwa hoja ya magonjwa. Mpango Kabambe wa Nairobi wa 1948 ulijitangaza katika anwani yake kuwa mpango wa mji mkuu wa koloni. Tauni na malaria zilikuwa hatari za kweli, hilo halina ubishi. Lakini dawa yake kila mara ilikuwa kumhamisha mtu yuleyule.

Baada ya Vita Kuu ya Pili hali ilibadilika kwa namna fulani. Kampuni ya Sir Alexander Gibb ilichora mpango wa Dar es Salaam mwaka 1949, mwaka ambao mji ulipata manispaa na meya. Uingereza ilikuwa imetoka kupitisha sheria yake kubwa ya 1947, iliyosema kwamba haki ya kuendeleza ardhi ni ya umma na kila mwenye kiwanja ni lazima aombe ruhusa. Sheria hiyo ilikuwa na upande wa pili: aliyenyimwa ruhusa alikata rufaa kwa waziri, na waziri alituma mkaguzi asikilize pande zote hadharani. Tanganyika iliiga kwa Sheria ya Mipango Miji na Vijiji ya 1956, ile iliyojulikana kama Sura 378. Maeneo ya upangaji yakatangazwa, kamati zikaundwa, ruhusa ikawa lazima. Jengo la sheria lilihama bila wakazi wake. Jeshi la wakaguzi wa rufaa halikuwapo, vikao vya hadhara havikuota mizizi, na lugha ya fomu ilikuwa Kiingereza katika mji unaozungumza Kiswahili.

Uhuru ulipopatikana Desemba 1961 na Dar es Salaam kutangazwa jiji, serikali mpya ilirithi makabati ya faili pamoja na sheria zilizomo. Ilibadilisha mengi kwa haraka. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962 na likaanza kuvunja vibanda na kujenga nyumba bora Magomeni na Buguruni. Mwaka 1963 umiliki wa ardhi wa kudumu uliotoka kwa Wajerumani uligeuzwa kuwa wa kupangishwa na serikali. Mwaka 1968 kampuni kutoka Toronto ilikabidhi Mpango Kabambe mpya. Mwaka 1971 majengo ya thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yakataifishwa. Nia ilikuwa kuvunja mji wa kanda za rangi, na kwa sehemu kubwa ilifanikiwa: Oyster Bay ikapata wakazi Waafrika, na Uhindini ikapangishwa na serikali. Sura 378, hata hivyo, haikuguswa mahali ilipohitaji kuguswa. Serikali iliyoamini kwamba inasimama badala ya wananchi haikuona sababu ya kumpa mwananchi nafasi ya kuipinga.

Kosa kubwa zaidi la kipindi hiki, kwa maoni yangu, lilifanyika mwaka 1972, na mara chache hutajwa panapozungumzwa makazi holela. Mwaka huo ulianza mpango wa Madaraka Mikoani, ambao ulifuta halmashauri za miji. Idara za majengo, wakaguzi wake, rejista za vibali na mazoea ya kazi vilimezwa na ofisi za mikoa zilizokuwa na shughuli ya maendeleo ya vijijini. Jiji lilikuwa na watu wapatao 272,000 katika sensa ya 1967. Katika sensa ya 1978 mkoa ulihesabiwa watu 843,000. Katikati ya ongezeko hilo kubwa, mji haukuwa na chombo chake cha kutoa kibali. Halmashauri zilirudi kwa muda mwaka 1978 na kwa sheria kamili ya 1982, iliyoanza kazi 1984. Kufikia hapo Manzese ilikwishakuwa mji ndani ya mji.

Katika miaka hiyohiyo ilichukuliwa pia hatua ya busara. Kuanzia 1972 serikali iliacha sera ya kubomoa na kushika ya kuboresha. Kwa fedha za Benki ya Dunia kuanzia 1974, Manzese ilipata barabara, mifereji na maji bila kuvunjwa, na viwanja vilipimwa Sinza, Kijitonyama na Mikocheni ili watu wajijengee. Anayepita Sinza leo na kuona mitaa iliyonyooka anaona matunda ya uamuzi huo. Fedha za wafadhili zilipokauka, mwanzoni mwa miaka ya 1980, upimaji ulikwama na watu wakaendelea kuja. Mpango Kabambe wa 1979, uliochorwa na kampuni nyingine ya Kanada, ulihesabiwa hadi 1999. Ulipomaliza muda wake haukuwa na mrithi.

Mlango wa kuuliza sababu ulifunguliwa na jambo lisilohusu nyumba. Mwaka 1984 Katiba ya Tanzania ilifanyiwa marekebisho na kuingizwa haki za binadamu, na kuanzia Machi 1988 haki hizo zikaweza kudaiwa mahakamani. Mwaka huohuo wakazi wa Tabata waliishtaki Halmashauri ya Jiji. Jiji lilikuwa likimwaga na kuchoma takataka katikati ya makazi yao, moshi ukiwaingia ndani, nzi wakijaa kwenye vyakula. Mahakama Kuu ilizuia. Jiji likarudi mara kwa mara kuomba liongezewe muda. Jaji Lugakingira, akisimama juu ya haki ya kuishi, hakukubali kwamba chombo cha umma kinaweza kudai ruhusa ya kuhatarisha maisha ya watu kinaowatumikia.

Jiji likahamishia takataka Kunduchi Mtongani, na hapo ndipo historia ya kanda ilipogeuka. Mwaka 1991 mamia ya wakazi walikwenda Mahakama Kuu kuomba uamuzi wa jiji utenguliwe. Hoja yao ilikuwa nyepesi na nzito kwa pamoja: Mpango Kabambe wa jiji lenyewe umeitenga Kunduchi Mtongani kuwa eneo la makazi. Jaji Rubama alikubaliana nao. Uamuzi wa kutupa taka ukatenguliwa, jiji likazuiwa kuendelea na kuamriwa litafute mahali panapofaa. Kwa miaka mia tangu kanuni ya 1891, mpango wa mji ulikuwa kitu ambacho ofisa anamsomea mwananchi. Siku ile wananchi walimsomea ofisa, na mahakama ikasema wamesoma sawasawa. Naona ajabu kwamba shauri hili hufundishwa zaidi na walimu wa sheria ya mazingira kuliko wa mipango miji, kwa kuwa ni la kwao wote.

Muongo uliofuata uliandika upya vitabu. Sera ya Taifa ya Ardhi ikaja 1995, Sheria ya Ardhi ikaja 1999. Halmashauri ya Jiji ilivunjwa mwaka 1996, na Tume ya Jiji ikatawala hadi 2000, ikisafisha barabara na kuondoa vibanda, kisha zikazaliwa manispaa za Ilala, Kinondoni na Temeke. Sheria ya 1999 ilitambua kwa mara ya kwanza kwamba aliyejenga pasipopimwa naye ana maslahi yanayolindwa, na kuanzia 2004 nyumba zaidi ya laki mbili ziliorodheshwa jijini ili wenyewe wapewe leseni za makazi. Mwaka 2007 Sura 378 ilistaafishwa, na Sheria ya Mipango Miji ikachukua nafasi yake.

Kenya ilikwenda mbali zaidi katika jambo moja. Sheria yake ya Mipango ya 1996 iliunda kamati za uhusiano za kupokea rufaa dhidi ya maamuzi ya halmashauri, na juu yake Mahakama Kuu. Katiba ya 2010 ikaandika haki ya makazi, na Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikaundwa. Sheria ya 2019 ilifupisha muda: aliyenyimwa kibali na kaunti, au aliyepewa notisi ya kuvunja, ana siku 14 za kukata rufaa kwenye kamati, na asiporidhika anakwenda mahakama hiyo. Vitabuni ni mfumo bora kuliko wowote uliotangulia katika kanda hii. Lakini kitabu hakizuii tingatinga. Novemba 2011 kijiji cha Mitumba, karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, kilibomolewa ingawa mahakama ilikuwa imetoa amri ya kusitisha. Shauri lilipanda ngazi zote, na Mahakama ya Juu ikatoa hukumu Januari 2021 ikitambua haki ya makazi ya watu wanaoishi kwenye ardhi ya umma. Ilichukua zaidi ya miaka tisa.

Upande wa pili wa mizani ni maghorofa. Tarehe 29 Machi 2013, Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, katikati ya Dar es Salaam, lilianguka na kuua watu 36. Tarehe 29 Aprili 2016 jengo la kupangisha lilianguka Huruma, Nairobi, wakafa watu wapatao 50, na lilikuwa tayari limeorodheshwa kuwa si salama. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la biashara la Kariakoo lilifukia wafanyabiashara na wateja wao, na zaidi ya 20 walipoteza maisha. Majengo haya hayakujificha bondeni. Yalisimama kando ya barabara ambazo wakaguzi hupita kila siku. Sheria ambayo imezoea kwa miaka mingi kumtafuta mwenye kibanda haikujifunza kumkagua mwenye ghorofa, na familia zilizozika watu wao ndizo zilizolipa.

Na mwenye kibanda aliendelea kutafutwa. Desemba 2015 na Januari 2016 nyumba za Bonde la Msimbazi zilivunjwa, watoto wakalala nje katika msimu wa mvua, kwa hoja kwamba bonde ni eneo hatarishi. Hoja hiyo ilikuwa ya kweli, kwani mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu bondeni na serikali ikawapa waathirika viwanja Mabwepande. Mwaka 2017 zaidi ya nyumba elfu moja zilibomolewa kando ya Barabara ya Morogoro, kutoka Kimara kuelekea Kiluvya, kwa sheria ya barabara ya 1932 iliyotenga mita 121.5 kila upande. Waliovunjiwa walikuwa na umeme, maji, shule na ofisi za serikali za mitaa, vyote vikiwa ndani ya hifadhi hiyohiyo.

Rangi ya X inaeleza kila kitu kwa mwenye nyumba. Kwa barabara kuu kwa jumla, Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande. Aliyekutwa na upanuzi huo hupigwa X ya kijani, maana yake atafidiwa. Aliye ndani ya hifadhi ya zamani hupigwa X nyekundu, avunje mwenyewe au avunjiwe, na asitazamie malipo. Uamuzi wa maisha ya familia hutangazwa kwa brashi, na mchoraji haachi maelezo ya wapi mtu apeleke pingamizi.

Kwa nini basi watu hujenga bila kibali? Mara nyingi kwa sababu mfumo wa kibali na mfumo wa maisha haikutani. Kibali hutaka hati au barua ya umiliki wa kiwanja kilichopimwa, michoro ya msanifu na mhandisi, ada, na ujenzi unaokamilika ndani ya muda. Mkazi wa Goba au Chanika amenunua kiwanja kwa karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri na mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Mwaka huu anamwaga msingi, mwaka ujao anapandisha ukuta hadi linta, ada za shule zikimruhusu anapiga bati mwaka wa tatu. Akihamia anafungiwa LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, na tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa humohumo anaponunua umeme. Dola inayosema nyumba hiyo haipo kisheria inaitoza kila mwezi. Inakadiriwa kuwa zaidi ya asilimia 70 ya wakazi wa jiji lenye watu milioni 5.38 kwa sensa ya 2022 wanaishi katika nyumba zilizotangulia ramani.

Anayetaka kupinga huko Tanzania anakutana na kalenda ngumu. Kuishtaki serikali, na tangu marekebisho ya 2020 hata halmashauri, kunahitaji notisi ya siku 90, na shauri lifunguliwe Mahakama Kuu, Mwanasheria Mkuu akiwa ameunganishwa. Anayetaka uamuzi utenguliwe kwa njia ile waliyoitumia watu wa Kunduchi huomba kwanza kibali cha mahakama, ndani ya miezi sita. Tingatinga haliwezi kusubiriwa siku 90, kwa hiyo mawakili wameshika njia ya pembeni: amri ya Mareva, iliyopewa jina la kampuni ya meli katika shauri la London la 1975 lililohusu kuzuia fedha zisitoroshwe. Katika Mahakama Kuu ya Tanzania amri hiyo sasa huombwa ili hali ibaki kama ilivyo mpaka notisi ya siku 90 iishe. Ni ubunifu wa kusifiwa. Lakini unamhitaji wakili, na wakili ana bei yake, na mwenye vyumba vitatu vya matofali ya saruji Tandale hana.

Bonde la Msimbazi lilirudi tena kwenye meza za wapangaji. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa kuliendeleza, na safari hii wakazi walitathminiwa nyumba zao, wakalipwa fidia kabla ya kuhama, wakawekewa utaratibu wa kuwasilisha malalamiko na kujibiwa. Bonde ni lilelile, hatari ya mafuriko ni ileile, na wengi wa waliolipwa hawakuwa na hati wala kibali, sawa na wale waliovunjiwa miaka saba nyuma. Kilichotofautisha ni masharti ya mkopeshaji kuhusu watu wanaohamishwa, yanayotaka hata asiye na hati afidiwe alichojenga na asikilizwe. Yaliandikwa katika mkataba wa mkopo. Katika Sheria ya Mipango Miji ya 2007 bado hayamo.